Aliyewaambia Nyuki

Kwa siku tatu Inspekta Clement Rudge alikuwa akiipita mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba ya marehemu Ambrose Tilling bila kuiuliza kitu. Ya nini? Yeye ni mtu wa mjini, na nyuki kwake ni mdudu wa kukwepa. Jumanne asubuhi, akiwa amesimama bustanini akimsubiri konstebo wake ajaze upepo baiskeli, ndipo jicho lake lilipotua kwenye vitambaa. Kila mzinga ulikuwa umefungwa kipande cheusi, fundo mbele, kama tai ya mtu anayekwenda mazikoni.

"Noakes," alisema, "haya matambara ni ya nini?"

Konstebo Percy Noakes aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu. Alikuwa mzaliwa wa kijiji hiki cha Nether Withy, yeye na baba yake na babu yake, mtu mnene mwenye mashavu mekundu na huruma iliyozidi mahitaji ya kazi ya polisi.

"Ya msiba, afande."

"Msiba wa nani?"

"Wa Mwalimu Tilling, kwani wa nani mwingine? Mwenye nyuki akifa, nyuki lazima waambiwe. Wasipoambiwa wananuna. Wanahama, au wanajifia humo humo ndani."

Rudge alimtazama aone kama anataniwa. Hakuwa akitaniwa.

"Nani anawaambia?"

"Mtu wa nyumba, afande. Jirani hawezi. Anachukua ufunguo wa mlango wa mbele, anagonga kila mzinga mara tatu, anasema, 'Bwana wenu amefariki, sasa mtumikieni fulani.' Halafu anawavisha kitambaa. Sisi kwetu ni kawaida tu, kama kufunga mapazia maiti ikiwa ndani."

"Na hawa wamevishwa lini?"

"Aa, tangu Jumamosi ile. Nilipokuja kumpa mjane habari nilipita hapa hapa, nikaona wamevaa nyeusi, nikavua kofia kwa heshima."

Pampu ya baiskeli iliendelea kupiga chafya. Rudge aliishika kwa mkono.

"Rudia."

"Nikavua kofia..."

"Achana na kofia. Unakuja kumpa mjane habari. Yeye hajui, ndiyo maana unakuja. Na nyuki wameshavaa msiba?"

Noakes aliiachia pampu. Wekundu wa mashavuni ulishuka mpaka shingoni. Mtu wa kuja angeona lile jambo akaruka, lakini yeye alikuwa ameliona tangu utotoni: mzee amekufa, nyuki wamevaa nyeusi, kuna ajabu gani? Macho yake yalipita juu ya ushahidi kama yanavyopita juu ya mlango wa nyumbani kwake.

"Mama yangu," alisema taratibu. "Siku tatu."

"Siku tatu," Rudge alikubali, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, hakuongeza.

Mpaka asubuhi hiyo kesi ilikuwa imemkalia kama jiwe. Jumamosi saa mbili asubuhi, Jabez Frome, mwenye kinu cha maji, alirudi kutoka stesheni ya reli akamkuta Mwalimu Tilling amenasa kwenye lango la maji la kinu, fuvu limepasuka. Juu kidogo ya hapo kuna kidaraja cha mbao chenye ukingo wa kufika gotini, na kila mtu alijua kwamba mwalimu mstaafu hupita pale alfajiri kunyoosha miguu. Kuteleza, wangesema wote, kama daktari asingeona juu ya kiwiko cha kulia michubuko ya vidole vilivyomshika kwa hasira. Aliyemshika alikuwa naye darajani.

Rudge kwanza alimwandama Frome. Kijiji kilikuwa kinaandika kitabu cha historia yake kwa ajili ya sherehe za kutawazwa malkia mwezi wa sita, na mwalimu ndiye aliyekuwa mwandishi. Kila Alhamisi wazee walikusanyika ukumbini kusimulia wanayoyakumbuka, na mwalimu alikuwa ameapa kuandika kwamba babu yake Frome alichanganya chokaa kwenye unga. Watu wameuana kwa madogo kuliko hilo. Lakini wapakia mizigo wanne wa stesheni walikuwa na Frome tangu giza, na mmoja wao alikuwa hampendi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumkinga. Njia hiyo ikafungwa.

Sasa hii nyingine ilifunguka yenyewe. Aliyewavisha nyuki alijua mapema kuliko polisi.

Rudge alipiga magoti, akakaza meno dhidi ya mlio wa nyuki, akaangalia. Kwenye mbao za kila mzinga, juu ya mlango wa nyuki, palikuwa na vishimo vipya vitatu, vipana kama kidole gumba. Kisha akashika ncha ya kitambaa.

"Kizito hiki."

"Kitambaa cha giza, afande. Cha mapazia ya vita, ndege za adui zisione taa. Hakuna nyumba isiyokuwa nacho."

"Na huu ukingo? Umekatwa meno meno."

"Mkasi wa meno wa Bi Dorcas Pell. Fundi cherehani. Ni mmoja tu kijiji kizima." Noakes aliona uso wa mkubwa wake unang'aa, akaharakisha. "Lakini ndiye aliyetukatia sote mapazia yale! Hata la dirisha la choo changu lina meno hayo hayo."

"Umesema anayewaambia ni mtu wa nyumba. Nyumba hii ina mtu mmoja, Bi Tilling. Aliniambia Jumamosi alilala mpaka saa mbili, na habari aliipata kwako saa tatu."

"Bi Hester?" Noakes alicheka kidogo. "Mambo ya nyuki Bi Hester atayajulia wapi? Si wa hapa. Mgeni yule. Amekuja mwaka elfu moja mia tisa kumi na tano tu."

"Huu ni wa hamsini na tatu."

"Ndiyo, afande. Mgeni."

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nether Withy walimpa Hester Tilling jembe siku ya kwanza, wakampa na sahani za kuosha na keki za kuoka, lakini ugeni hawakumvua.

"Kwa hiyo kijijini wangesema ni nani mwenye haki ya kuwaambia?"

Noakes aligeuka kushughulika na baiskeli. "Hilo, afande, lilitoka Alhamisi iliyopita. Wewe hukuwepo."

"Basi nipe."

"Mwalimu alisimama kusimulia lake. Wote walikuwa wameshasimulia, amebaki yeye. Akaeleza mavuno ya nyasi ya mwaka kumi na tatu, kabla ya vita kubwa. Jinsi wakataji walivyopumzika kwenye kivuli, na msichana akaja na jagi la pombe ya matufaha, amevaa kofia ya bluu aliyoishona mwenyewe. Akasema, 'Katika maisha yangu yote sijaona kitu kizuri kuliko kofia ile ikija kule shambani.' Akalia machozi. Mwalimu Tilling! Aliyetuchapa fimbo sote!" Noakes alipangusa pua. "Jina hakulitaja. Lakini ukumbi mzima uligeuka kumtazama Bi Dorcas. Walikuwa wamepeana ahadi, afande. Mwalimu akaenda vitani, akajeruhiwa, akarudi na nesi."

"Na nesi alikuwa wapi Alhamisi hiyo?"

"Mbele kabisa. Anamimina chai."

*

Bi Dorcas Pell alifungua mlango akiwa na pini mdomoni. Alikuwa mwanamke wa umbo dogo, wa miaka sitini, mwenye macho makali ya fundi, na chumba chake chote kilikuwa kimezama kwenye bendera za sherehe.

"Ingia, Inspekta. Futa miguu. Wewe Percy, usiegemee hiyo nguo, ni ya mtoto wa kasisi, na wewe ulivyo utaipanua."

Rudge alimwekea kitambaa mezani. "Mkato huu ni wako?"

"Wangu. Nimekata nusu ya vita kwa mkasi ule."

"Kimetoka kwenye mizinga ya marehemu. Aliyewavisha nyuki, Bi Pell, aliwavisha kabla konstebo hajafika na habari. Nataka kujua ni nani."

Bi Dorcas alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye mto wake. Hakuonyesha woga. Alionyesha kitu kingine ambacho Rudge alikiona bila kukipatia jina upesi.

"Kwa hiyo wameambiwa," alisema mwishowe. "Nilijua wamevaa vitambaa, nikadhani ni Percy huyu kawahurumia. Wameambiwa kweli? Kwa ufunguo?"

"Kwa ufunguo."

"Na wamekaa?"

Rudge alimgeukia Noakes.

"Wamekaa, Bi Dorcas," Noakes alisema. "Wanafanya kazi, utadhani hakuna kilichotokea."

"Yote minne?"

"Yote minne."

Uso wa fundi ulikakamaa. Sasa Rudge alilipata jina: wivu, tena mkavu, uliohifadhiwa vizuri miaka arobaini kama nguo ya harusi ndani ya sanduku.

"Basi wamemkubali," alinong'ona.

"Wamemkubali nani?"

Pini ya mwisho ilibaki hewani. Bi Dorcas alimtazama inspekta, akatazama kitambaa, na mgongo wake ukanyooka.

"Mimi," alisema. "Wamenikubali mimi. Andika."

"Bi Dorcas!" Noakes alipiga kelele.

"Nyamaza, Percy. Andika, Inspekta. Mimi niliwaambia."

Rudge hakutoa kalamu. "Uligonga kwa kutumia nini?"

"Si nimesema ufunguo?"

"Upi?"

Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatupa mezani ufunguo mdogo wa shaba, mwembamba kama mfupa wa samaki. "Wa mlango wangu. Kwani nyumba yake hasa ilikuwa wapi, jioni zote alizokaa hapo ulipokaa wewe akikumbuka kwa sauti?"

Rudge alichukua kipande cha sabuni ambacho fundi hutumia kuchora nguo, akaukandamiza ufunguo juu yake kwa kichwa na kwa meno. Alama ikatoka nyembamba kama ukucha. Vishimo vya mizingani vilikuwa vipana mara tatu. Aliirudisha sabuni mahali pake.

"Ulikuwa kwenye kidaraja alfajiri ile?"

"Nilikuwa wa kwanza kujua."

"Sikuuliza hivyo. Ulimsukuma?"

"Andika unavyotaka."

"Siandiki ninavyotaka, mama. Unajua neno hili linakupeleka wapi? Kwenye kamba."

"Nina miaka sitini," Bi Dorcas alisema. "Yule mwanamke amekula naye, amelala naye, amemfulia, amezeeka naye. Kesho mazishini atakaa mbele kanisani, wote wampe pole. Amepata kila kitu. Na asubuhi ile ya mwisho pia awe nayo? Kila mtu atakayesoma habari ya Ambrose Tilling kwenye gazeti, asome na jina langu. Niliwaambia nyuki, 'Bwana wenu amefariki, bibi yenu sasa ni mimi.' Hayo ndiyo maneno yangu, na nitatia sahihi."

Rudge aliandika, naye Bi Dorcas akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri; marehemu mwenyewe, akiwa kijana, ndiye aliyemfundisha.

*

Nje, Noakes alikuwa analia waziwazi kando ya baiskeli. "Bi Dorcas hawezi kuua nzi, afande. Nzi anamfungulia dirisha!"

"Najua anadanganya."

"Basi chana ile karatasi!"

"Nikichana ataandika nyingine, na hiyo ataipeleka kwa mkubwa wangu. Fikiri, Noakes. Tuna mwanamke aliyeachwa, ameungama kwa mkono wake, kitambaa kimekatwa kwa mkasi wake. Baraza la mahakama litachukua muda wa kikombe cha chai. Na upande wa pili tuna nini? Vishimo kwenye ubao. Bi Tilling atasema ufunguo unaning'inia karibu na mlango, yeyote angeuchukua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Bi Tilling akinyamaza, Bi Pell atanyongwa. Hana haja ya kusema uongo hata mmoja. Kunyamaza tu."

Noakes alivuta pumzi. "Na yule anajua kunyamaza, afande. Nilipompa habari Jumamosi aliniuliza kama nataka sukari."

"Ndiyo. Twende tukampe habari njema."

*

Bi Hester Tilling aliwapokea jikoni. Alikuwa mrefu, amebana nywele nyuma bila unywele mmoja kutoka mahali pake, na mezani alikuwa anashonea utepe mweusi kwenye kofia ya kesho. Chai ilikuwa tayari. Keki ilikuwa tayari. Kwenye msumari kando ya mlango ulining'inia ufunguo wa chuma, wa kizamani, mzito wa kuvunjia nazi.

Rudge alikaa akiupa ufunguo mgongo.

"Nimekuja kukuondolea wasiwasi, Bi Tilling. Tumepata mtu. Bi Dorcas Pell ameungama."

Sindano ilipita kwenye utepe, ikatokea upande wa pili. "Masikini," alisema Bi Hester. "Masikini Dorcas. Moyo wangu ulikuwa unanidokeza. Mwanamke akikaa peke yake na picha moja kichwani miaka yote hiyo, picha inaoza. Keki, Inspekta?"

"Asante."

"Percy?"

Noakes alichukua kipande na hakukila.

"Nakusomea tu alivyoeleza," Rudge alisema, "uone kama kuna kitu hakikai sawa. Anasema alikuwa wa kwanza kujua."

"Ndivyo anavyopenda. Kuwa wa kwanza."

"Nilipomuuliza kama alimsukuma, hakukana."

"Ana mikono yenye nguvu. Ya cherehani." Mshono mwingine. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na Rudge aliyekwisha kuhoji majambazi wa mjini alianza kuona kwamba hatamweza huyu. Kimya chake kilikuwa na mizizi. "Mume wangu amekufa, na bado namwonea huruma aliyemsukuma. Nilikuwa nesi, unajua. Nimezoea kuwahurumia watu wasionipenda."

"Kisha anasema alikuja hapa. Bustanini kwako."

"Hapa?"

"Akawaambia nyuki."

Sindano ilisimama.

Kwa mara ya kwanza Bi Hester aliinua macho. Yalikuwa ya kijivu, mazuri bado. "Akawaambia nini?"

Rudge alifunua karatasi, akasoma bila haraka. "'Bwana wenu amefariki, bibi yenu sasa ni mimi.'"

Bi Hester aliinamisha kichwa tena. Akalitafuta tundu la mshono kwa ncha ya sindano, akalikosa, akalitafuta tena. Alikuwa anapigana, na Rudge aliuona ugomvi ule kwenye mishipa ya shingo yake. Polepole mkono ulianza kutulia. Mshono ukapita. Ameshinda, Rudge aliwaza, na akakunja karatasi.

Ni Noakes aliyesema. Hakusema kwa ujanja, hakuwa nao. Alisema kwa kuwa anamwonea uchungu fundi wa kijiji chake, na hilo ndilo jambo jema pekee alilolikumbuka.

"Na nyuki wamekaa, mama. Hakuna mzinga hata mmoja uliohama. Inaonyesha wamemtambua."

"Wamemtambua!"

Kofia ilianguka chini. Bi Hester alikuwa amesimama, na kiti chake kimelala chali nyuma yake.

"Wamemtambua nani? Yule mshona bendera? Hajawahi kukanyaga bustani ile! Hajui hata mzinga upi ni wa malkia mkali! Nani alimuuguza mama mkwe kule juu, nani alimwosha vidonda, yeye? Alikuja lini? Na mama mkwe alimshika nani mkono, akamwambia, 'Hester, zamu ya Ambrose ikifika, nyuki utawaambia wewe, wewe ndiye wa nyumba hii'? Mimi! Ni kitu kimoja tu nilichopewa na kijiji hiki, kimoja! Mna mavuno yenu, mna jagi lenu, mna mafuriko yenu na babu zenu na kofia zenu za bluu, kila Alhamisi nawamiminia chai mnakumbukiana mbele yangu na mimi simo! Sina hata sentensi moja! Lakini nyuki ni wangu!"

Aliunyakua ufunguo msumarini, akaupiga juu ya meza mpaka vikombe vikaruka.

"Chukua! Nenda kapime! Niligonga mimi, mara tatu, kama nilivyofundishwa. Nilianza na ule wa kwenye ukuta, jua halijatoka, nikawaambia, 'Bwana wenu amefariki, mimi mkewe ndiye bibi yenu.' Na wakajibu. Waliimba wote. Niliwasikia!"

"Jua halijatoka," Rudge alisema.

"Halijatoka!"

"Konstebo alikuletea habari saa tatu, Bi Tilling."

Bi Hester aliuangalia ufunguo, kisha Noakes, ambaye keki ilikuwa imemvunjikia kiganjani. Alikiinua kiti chake taratibu, akakiweka sawasawa na meza, akakaa.

Rudge alimsomea onyo la kisheria. Alilisoma lote, kwa sauti ya kawaida, na akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Andika tu." Alikunja mikono mapajani. "Nilimfuata darajani. Nilimwomba aitoe ile kofia ya bluu kitabuni. Basi. Sikumwomba aitoe moyoni, maana huko nilishashindwa. Akasema, 'Historia haifutwi, Hester.' Kwa ile sauti ya darasani. Nikamshika mkono, nikamuuliza, na mimi je, mimi niko wapi kwenye historia yako? Akafikiri. Inspekta, alifikiri kweli, alikuwa mtu mkweli. Akasema, 'Mwishoni. Kwenye shukrani. Kwa ajili ya keki.'"

Noakes aliyaweka makombo ya keki juu ya meza.

"Sikukusudia aanguke. Nilikusudia asinitazame vile. Hayo pia andika, ingawa najua hayasaidii."

Rudge aliandika. Alipomaliza, alimsogezea kalamu, naye akatia sahihi jina lake lote, na neno Tilling alilikaza mpaka karatasi ikatoboka.

"Mazishi ni saa tano kesho?" aliuliza.

"Saa tano, mama," alijibu Noakes.

"Sitakuwepo."

"Hutakuwepo," alisema Rudge.

"Benchi la mbele atakaa nani? Hakuna mtoto. Hakuna ndugu." Alimgeukia konstebo kwa kuwa yeye ndiye wa kijiji. "Usinifiche, Percy."

Noakes alimtazama mkubwa wake, hakupata msaada. "Watu watamweka Bi Dorcas, mama. Nadhani watamweka yeye."

Bi Hester aliiokota kofia sakafuni, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Utepe ulikuwa umebakiza mshono mmoja. Aliumaliza, akaukata uzi kwa meno.

"Ningenyamaza tu," alisema, "kesho ningekaa pale mimi."

"Ndiyo," alisema Rudge.

"Na yeye angekuwa mikononi mwako."

"Ndiyo."

Alilipima jambo lile, bila haraka, kama mtu anayeonja mchuzi aamue kama umekolea. Rudge alingoja. Ilikuwa zamu yake sasa kuogopa jibu, maana alitaka sana kusikia mwanamke huyu akijutia kitu, chochote, hata kidogo.

"Lakini wangesema nyuki walikuwa wake," alisema Bi Hester, akainuka kutafuta koti lake.